Chapa ya nguo ikisema ni ya haki na haiharibu mazingira, mnaipimaje?

#1 Pindo_Jipya
Wakuu, salaam. Kuna chapa moja ya nguo nimeichimba tovuti yake hadi mwisho. Kila ukurasa una majani mabichi na picha ya mama anayetabasamu mbele ya cherehani. Maneno ni yale yale: endelevu, rafiki wa mazingira, tunawajali wanaotushonea. Nikatafuta jina la kiwanda, halipo. Nikatafuta wanapanga mishahara kwa kipimo gani, kimya. Kilichopo ni nembo moja ya cheti cha pamba na ahadi za mwaka 2030.

Dai langu: mtu wa nje hana namna ya kuipima chapa ya nguo kimaadili. Anachagua tu tangazo lililomgusa zaidi. Anayebisha alete njia, asilete majina ya chapa anazozipenda.

#2 Bi_Kitani
Nabisha. Vyeti vipo na masharti yake yanasomeka. Chukua GOTS, cheti cha kimataifa cha nguo za nyuzi za kilimo hai. Nguo haibebi nembo yao bila kuwa na angalau asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai, na kwa daraja la juu lazima zifike asilimia 95. Masharti hayaishii shambani. Yanafuata kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona, kemikali zinadhibitiwa, maji taka lazima yasafishwe, na kuna kifungu cha haki za wafanyakazi. Kwenye lebo kuna namba ya leseni na jina la taasisi iliyothibitisha. Unaiingiza kwenye hifadhidata yao iliyo wazi kwa kila mtu, unamwona mwenye cheti ni nani. Ukikuta nembo haina namba, hapo una haki ya kutilia shaka.

#3 Nyuzi_Mbili
Kwa GOTS nakubaliana na Bi Kitani, ila nembo hazilingani na watu wanazichanganya. OEKO-TEX Standard 100 inapima kama bidhaa iliyokamilika ina kemikali za kumdhuru anayeivaa. Basi. Haigusi mshahara wa aliyeshona wala namna pamba ilivyolimwa. Poliesta tupu inaweza kuipata.

Better Cotton nayo kwa miaka mingi ilitumia mfumo wa mizania tu: chapa inahesabiwa kiasi fulani cha pamba iliyolimwa kwa masharti yao, lakini pamba yenyewe inachanganywa njiani na nyingine. Fulana uliyoshika inaweza isiwe na unyuzi hata mmoja wa pamba ile. Mfumo wa kuifuatilia pamba halisi hadi nchi ilikotoka umekuja 2023. Kwa hiyo "tunatumia pamba bora" na "nguo hii ina pamba bora" ni kauli mbili tofauti kabisa.

#4 Kola_Wima
Pindo, chapa gani hiyo? Taja tu mkuu.

#5 Pindo_Jipya
Kola, sitaji. Nikitaja uzi utageuka kesi ya chapa moja. Nyuzi Mbili, asante, hilo la mizania nimelishika.

#6 Mkaguzi_wa_Zamani
Nimefanya kazi upande wa ukaguzi wa viwanda vya nguo, kwa hiyo naomba niseme polepole.

Kiwanda cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000 mwezi Agosti 2012. Hicho ni cheti cha haki na usalama wa wafanyakazi, kinachoheshimika. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo kikaungua. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya kutokea imefungwa. Wakafa watu zaidi ya 250.

Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza kule Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Wafu 1,134, majeruhi wapatao 2,500. Viwanda viwili ndani ya jengo lile vilikuwa vimeshapitiwa na ukaguzi wa BSCI, mfumo wa kukagua hali za kazi viwandani unaotumiwa na chapa nyingi. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini wakafunga, washonaji wakaamriwa kurudi kwenye mashine.

Sasa niliyoyaona mwenyewe. Ziara ikitangazwa mapema, kunaandaliwa madaftari mawili: la saa halisi na la kuonyesha mgeni. Wafanyakazi wanafundishwa majibu. Nimewahoji washonaji wa mistari tofauti wakanijibu swali la ovataimu kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, huku wakimtazama msimamizi mlangoni. Oda inayozidi uwezo inatolewa usiku kwenda kwa mkandarasi mdogo ambaye hayumo kwenye orodha yoyote. Na mara nyingi anayemlipa mkaguzi ni kiwanda chenyewe. Mkaguzi mkali sana hapati kazi inayofuata.

Kwa hiyo Bi Kitani, cheti ni picha ya siku moja. Mimi sikipuuzi, lakini nikiona chapa inajibu kila swali kwa kutaja cheti, naanza kuuliza maswali zaidi.

#7 Mshona_Usiku
Sahihisho dogo kwa #6. Kesi ya Karachi ilifika mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikawahukumu watu wawili kwa kuwasha moto ule makusudi, kwa sababu mwenye kiwanda alikataa kutoa pesa za vitisho. Haukuwa ajali ya kiwanda.

#8 Mkaguzi_wa_Zamani
Hukumu naifahamu. Aliyewasha moto ni suala la jinai. Cheti kilihusu njia za kutokea, na watu walikufa kwa kukosa pa kutokea.

#9 Mshona_Usiku
Hapo sawa. Nilitaka tu wasomaji wasiondoke na nusu ya habari.

#10 Bi_Kitani
Mkaguzi, mfano wako unauma, lakini ukivifuta vyeti unabaki na nini? Asiyekaguliwa kabisa ana uhuru zaidi wa kuficha. Mlango uliofungwa kwenye kiwanda kisicho na cheti hakuna hata wa kuuandika.

#11 Wakili_wa_Jioni
Kinachobaki ni mkataba. Baada ya Rana Plaza vyama vya wafanyakazi vya kimataifa, IndustriALL na UNI, viliingia makubaliano na chapa nyingi yaliyoitwa Accord. Tofauti yake na ukaguzi wa kawaida iko wapi? Kwanza yanaifunga chapa kisheria. Pili wakaguzi ni wahandisi wa majengo, umeme na moto. Tatu ripoti za kila kiwanda zinawekwa hadharani na mtu yeyote anazisoma. Nne, chapa inatakiwa kuhakikisha pesa za matengenezo zinapatikana. Vyama vilizipeleka chapa mbili kwenye usuluhishi The Hague, na Januari 2018 mojawapo ikakubali kutoa dola milioni 2.3. Makubaliano yalipanuliwa 2021 yakawa ya kimataifa, na 2023 yakafika Pakistan.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa chapa yoyote: mmesaini nini ambacho mkikivunja mfanyakazi au chama chake kinaweza kuwashtaki? Maadili ya kujiandikia wenyewe kwenye tovuti hayamfungi mtu.

#12 Kola_Wima
Wakili leo umekuja na joho kamili. Lakini hiyo ni kwa usalama wa majengo. Chapa inaweza kuwa imesaini Accord na bado ikalipa kidogo.

#13 Wakili_wa_Jioni
Ni kweli, na sijasema inatosha. Nimesema ni mahali pa kuanzia panapoweza kuthibitishwa.

#14 Kijani_Kibichi
Jamani mbona mmekaa kiwandani tu? Mazingira je? Tasnia ya nguo ni ya pili kwa uchafuzi duniani baada ya mafuta. Fulana moja ya pamba inakunywa lita 2,700 za maji. Kwangu mimi chapa inayotumia pamba ya kawaida imeshaanguka mtihani kabla hatujafika kwa mshonaji.

#15 Hesabu_Kwanza
Kijani, naheshimu moyo wako lakini hilo la "ya pili kwa uchafuzi" tuliache. Limezungushwa miaka mingi, na waandishi waliojaribu kufuata chanzo chake hawakukipata. Hata kwa hewa ukaa peke yake makadirio yanapishana sana: kuna ya asilimia 2 hivi ya uzalishaji wa dunia, ya World Resources Institute na Apparel Impact Institute, na kuna ya asilimia 8 hadi 10 ambayo Umoja wa Mataifa umewahi kuyarudia. Inategemea umehesabu nini: viatu vimo au havimo, kufua na kupiga pasi nyumbani kumo au hakumo.

Lita 2,700 ni wastani wa dunia unaojumlisha maji ya mvua na ya umwagiliaji. Pamba ya mvua na pamba inayomwagiliwa jangwani haziwezi kupewa namba moja. Chapa ikikuambia "fulana yetu imeokoa lita kadhaa", uliza imelinganishwa na ipi, ya wapi, na maji gani.

Nalisema hili kwa sababu chapa zinazojifanya rafiki wa mazingira zinaishi kwa namba kama hizi. Tukizikubali bila kuzihoji tunawapa silaha.

#16 Kijani_Kibichi
Asante kwa namba. Lakini bahari ya Aral haikukauka kwenye makaratasi. Ile ni ya Asia ya Kati. Maji ya mito yake, Amu Darya na Syr Darya, yalielekezwa kwenye mashamba, sehemu kubwa ya pamba, na bahari ikabaki vidimbwi na chumvi. Uzbekistan hiyo hiyo iliwalazimisha watu kuvuna pamba, hadi kampeni ya kuigomea ilipoondolewa Machi 2022. Ndiyo maana nasema pamba imetoka wapi ni swali la kwanza. Na Xinjiang, China? Karibu moja ya tano ya pamba ya dunia inatoka pale, na Marekani tangu Juni 2022 inazuia bidhaa za huko mpaka mwagizaji athibitishe hazina kazi ya kulazimishwa. Chapa isiyojua shamba lake haiwezi kukuahidi chochote.

#17 Hesabu_Kwanza
Hapo tuko pamoja. Swali la "wapi" lina nguvu kuliko la "lita ngapi".

#18 Mpaka_Rangi
Nimesoma kimya mpaka hapa. Nimekaa miaka kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa, na ninyi nyote mmeruka chumba changu: mmetoka shambani mkaenda moja kwa moja kwenye cherehani.

Cherehani inatumia umeme kidogo. Moto uko kwenye kusokota, kufuma na zaidi kwenye kutia rangi na kumalizia kitambaa, kwa sababu pale unachemsha maji mengi, unaosha, unachemsha tena, kisha unakausha. Boila nyingi za kazi hiyo zinakula makaa ya mawe au gesi. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya nguo inatokea kabla kitambaa hakijafika mezani kwa mkataji. Maji yanayotoka yana rangi, chumvi, sabuni na dawa za kushikisha rangi. Mtambo wa kuyasafisha ni ghali kuuendesha. Nimeona mtambo mzuri, mpya, unaowashwa wageni wakija tu.

Sasa angalia chapa zinatangaza nini. Sola kwenye paa la ofisi. Taa nzuri madukani. Mifuko ya karatasi. Hizo ni tone kwenye hesabu yao yote. Nendeni kwenye ripoti yao ya hewa ukaa mtafute fungu linaloitwa Scope 3, yaani uzalishaji wa wasambazaji wao na wa bidhaa zenyewe. Kwa chapa isiyo na viwanda vyake, karibu kila kitu kimo humo. Ikiwa ahadi yao ya kupunguza inahusu Scope 1 na 2 tu, yaani mafuta wanayochoma wenyewe na umeme wanaonunua, wameahidi kufagia ofisi.

Halafu uliza: orodha yenu ya viwanda inaishia kwa washonaji, au inafika kwa wafumaji na watia rangi? Na mnachangia nini kubadilisha boila? Kiwanda chenye oda za msimu hakiwezi kukopa pesa za boila ya umeme kwa mnunuzi anayeweza kuondoka mwakani.

#19 Nyuzi_Mbili
Mpaka Rangi, post hii nimeihifadhi. Chumba chako kweli tulikiruka.

#20 Mnunuzi_wa_Oda
Sentensi ya mwisho ya #18 ndiyo ninayotaka kuishika. Nimekuwa upande wa wanaoweka oda kwa niaba ya chapa, na naamini tatizo linaanzia mezani kwetu kabla halijafika kwa meneja wa kiwanda.

Inakuwa hivi. Timu moja ya chapa inaandika kanuni za maadili: saa za kazi ziwe na kikomo. Timu nyingine, ambayo ni ya ununuzi na ndiyo yenye bonasi, inabadilisha rangi wiki chache kabla ya meli, inakataa kusogeza tarehe na inatishia faini ya kuchelewa. Kiwanda kitafanyaje? Ovataimu au mkandarasi wa pembeni. Kisha anatumwa mkaguzi kuuliza kwa nini kuna ovataimu. Bei nayo inasukumwa chini kila msimu hata pamba na umeme vikipanda, na malipo yanakuja miezi mitatu au minne baada ya mzigo kuondoka. Kiwanda kinaikopesha chapa bila riba.

Mwaka 2020 kila kitu kilikuwa wazi. Chapa kubwa zilifuta au kukataa kulipia oda zilizokwisha kushonwa, mzigo uko bandarini. Worker Rights Consortium, shirika linalofuatilia haki za wafanyakazi viwandani, walichapisha orodha ya waliokubali kulipa na waliogoma. Ripoti nyingi za "uendelevu" za mwaka ule zilikuwa na picha nzuri kabisa.

Kwa hiyo maswali yangu hayana majani: mnalipa baada ya siku ngapi? Gharama ya kazi mnaitenga pembeni ili isiguswe kwenye majadiliano ya bei? Mmekaa na viwanda vyenu kwa miaka mingapi? Chapa iliyokaa na msambazaji muongo mzima ina kitu cha kuonyesha.

#21 Mkaguzi_wa_Zamani
Nakubali nusu. Wenye viwanda nao si malaika. Nimekuta mwenye kiwanda aliyepewa bei nzuri na mnunuzi mwenye moyo, na bado mshonaji hakuiona nyongeza. Bei nzuri bila chama cha wafanyakazi chenye nguvu inaishia juu.

#22 Mnunuzi_wa_Oda
Na chama chenye nguvu bila bei nzuri kinaishia kiwanda kuhamia nchi nyingine.

#23 Kola_Wima
Hawa wawili wangekuwa kiwanda kimoja pangewaka! Endeleeni wakuu, tunajifunza.

#24 Binti_Mshahara
Naomba niingie kwenye mishahara kwa sababu chapa nyingi zinaficha hapo. Kauli yao: "wasambazaji wetu wanalipa kwa mujibu wa sheria". Sheria maana yake kima cha chini, na kima cha chini si lazima kimwezeshe mtu kuishi. Bangladesh, Desemba 2023, kima cha washonaji kilipanda kutoka taka (sarafu ya huko) 8,000 hadi 12,500 kwa mwezi. Wafanyakazi walikuwa barabarani wakidai 23,000. Kati ya namba hizo mbili ndipo maadili ya chapa yanapopimwa.

Kwa hiyo natafuta vitu vitatu: wametaja kipimo gani cha mshahara wa kuishi, kwa mfano cha Anker au cha Asia Floor Wage, wamechapisha pengo kati ya kipimo hicho na wanacholipwa watu kwa sasa, na kuna kiwanda chochote kwa jina ambako pengo limepungua. "Tunalenga" na "tunaunga mkono" siyahesabu. Fair Wear, taasisi iliyoanzishwa Uholanzi 1999, huchapisha tathmini za chapa wanachama wake, na humo mishahara na tabia za ununuzi zinaandikwa. Hata chapa ndogo unaweza kusoma ilipofeli.

#25 Mteule
Mbona mnajichosha? Nunua chapa ya kifahari iliyoshonwa Ulaya. Bei kubwa, sheria kali, mambo yamekwisha.

#26 Mshona_Usiku
Mteule, hapana. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliweka chini ya usimamizi wa kimahakama Giorgio Armani Operations na kitengo cha utengenezaji cha Dior, baada ya uchunguzi kukuta mikoba ikitengenezwa na wakandarasi wadogo waliowanyonya wafanyakazi, huko huko Italia. Na Leicester, Uingereza, 2020: ripoti ya wakili Alison Levitt, iliyoagizwa na chapa ya nguo za mtandaoni ya Boohoo wenyewe, ilikuta malipo ya chini na hali mbaya kwa wasambazaji wao. Lebo ya nchi haikuambii nani alikaa kwenye kiti.

#27 Wakili_wa_Jioni
Niongeze kwa uangalifu: kampuni zile za Italia hazikushtakiwa zenyewe kwa jinai. Hoja ya mahakama ilikuwa kushindwa kuwasimamia wakandarasi. Lakini Agosti 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Armani faini ya euro milioni 3.5 kwa sababu kauli zake kuhusu maadili hazikulingana na hali halisi. Hilo ndilo jipya: kauli yenyewe sasa inahukumiwa.

#28 Mteule
Nimesoma. Basi hata bei haisaidii?

#29 Mnunuzi_wa_Oda
Bei ya chini kupita kiasi inakuambia kitu, kwa sababu kitambaa na dakika za kushona zina gharama isiyoepukika. Bei ya juu haikuambii kitu.

#30 Simu_Mkononi
Habari zenu. Mimi natumia programu ya Good On You. Naandika jina la chapa, napata alama za watu, dunia na wanyama. Kuna pia Fashion Transparency Index ya Fashion Revolution, na cheti cha B Corp cha kampuni zinazojali jamii na mazingira. Kuna ubaya gani kutumia hizo nikaendelea na maisha?

#31 Hesabu_Kwanza
Hakuna ubaya mradi ujue zinapima nini. Index ile ilizipima chapa kubwa 250 kwa kile wanachokitangaza, na wenyewe wameeleza wazi kwamba hawapimi maadili. Chapa inaweza kufichua mambo mabaya kwa uaminifu ikapata alama za juu. Good On You inategemea zaidi taarifa zilizo hadharani, kwa hiyo fundi mdogo anayefanya kila kitu vizuri bila kuandika ripoti anaweza kukosa alama kabisa. B Corp kwa miaka mingi ilitaka alama 80 kwa jumla, hivyo kampuni iliweza kufidia udhaifu wa eneo moja kwa ubora wa jingine. Mwaka 2025 wametoa viwango vipya vyenye masharti ya lazima kwa kila eneo.

Na kumbuka Higg, mfumo wa kupima athari za malighafi za nguo kwa mazingira. Mwaka 2022 mamlaka ya walaji ya Norway ilisema kutangaza nguo kwa namba za Higg kama ilivyofanya chapa ya huko Norrøna kunapotosha, ikaionya H&M pia. Namba zilikuwa wastani wa malighafi, hazikuwa za vazi lile.

#32 Nyuzi_Mbili
Juu ya malighafi: "poliesta iliyorejelezwa" nyingi inatoka kwenye chupa za plastiki, haitoki kwenye nguo. Nyuzi zinazotokana na nguo zilizotumika ni chini ya asilimia 1 ya nyuzi zote zinazozalishwa. Chupa iliyokuwa inaweza kurudi kuwa chupa imegeuzwa shati ambalo karibu hakuna anayeweza kulirejeleza tena, na likifuliwa linatoa vijinyuzi vya plastiki. Na kitambaa cha "mwanzi" kwa kawaida ni reyoni iliyotengenezwa kwa kemikali. Mwaka 2022 Kohl's na Walmart walikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 Marekani kwa kuiita mwanzi.

#33 Mpaka_Rangi
Hata hivyo poliesta ya chupa inatumia nishati ndogo kuliko ya mafuta mapya. Tusiitupe yote.

#34 Kijani_Kibichi
Bi Kitani, mbona umenyamaza kuhusu GOTS? Oktoba 2020 walitangaza wenyewe kwamba kumegunduliwa vyeti bandia India vya takriban tani 20,000 za pamba.

#35 Bi_Kitani
Sijanyamaza, nasoma. Umesema mwenyewe: walitangaza wao. Wakawazuia wahusika. Nioneshe chapa iliyojitangazia udanganyifu wake namna hiyo. Mfumo unaokamata wezi na kuwataja naupa uzito kuliko mfumo ambao haujawahi kuona mwizi.

#36 Mvaa_Kimoja
Mnakwepa tembo mmoja: wingi. Chapa inaweza kuwa na GOTS, ikasaini Accord, ikabadilisha boila, halafu ikamwaga mitindo mipya kila siku. Kila fulana ikiwa safi kidogo na fulana zikawa maradufu, tumepata nini? WRAP, shirika la Uingereza la kupunguza taka, walikadiria kuvaa nguo kwa miezi tisa zaidi kunapunguza athari zake kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo swali langu kwa chapa: mlizalisha vipande vingapi mwaka jana na vingapi havikuuzwa? Wanaojibu ni wachache mno. Umoja wa Ulaya unakataza kampuni kubwa kuharibu nguo zisizouzwa kuanzia Julai 2026, labda hapo tutaona namba.

#37 Binti_Mshahara
Mvaa Kimoja, nakuelewa, lakini nani anabeba gharama ya kupunguza? Vipande vikipungua nusu bila bei ya kipande kupanda, wa kwanza kutolewa nje ni mshonaji, na mara nyingi ni mwanamke mwenye kulea. Mwaka 2020 tuliona oda zikikatika: walirudishwa nyumbani bila mishahara yao. Chapa ikijisifu inazalisha kidogo, naiuliza ililipa nini ilipopunguza.

#38 Mvaa_Kimoja
Swali la haki, na sioni chapa kubwa iliyolijibu. Lakini kuendelea kumwaga nguo ili ajira zibaki nako hakuwezi kuwa jibu.

#39 Kola_Wima
Na mitumba je? Si tununue iliyokwisha kushonwa tu?

#40 Mvaa_Kimoja
Kola, hiyo inastahili uzi wake. Fungua, nitakuja.

#41 Wakili_wa_Jioni
Kwa wanaotaka kuona sheria inaelekea wapi: mwaka 2022 mamlaka ya walaji ya Uholanzi iliwabana H&M na Decathlon juu ya maneno kama "conscious" na "ecodesign" yasiyo na maelezo. Waliahidi kubadilisha na wakachangia euro 500,000 na 400,000. Uingereza 2024, ASOS, Boohoo na George wa Asda walisaini ahadi kama hiyo. Na Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho ni marufuku, na pia kuita bidhaa haina athari ya hewa ukaa kwa sababu umenunua fidia, yaani umelipia miradi ya kupunguza hewa ukaa kwingine.

#42 Mkaguzi_wa_Zamani
Wakili, nina hofu moja. Kampuni nyingine zitaamua kunyamaza kabisa. Asiyesema hashtakiwi.

#43 Pindo_Jipya
Wakuu nawashukuru. Nimewaandikia wale jamaa maswali ya #11, #18, #20 na #24. Wamenijibu haraka: wamenipa majina ya viwanda viwili vya kushona, na kuhusu malipo kwa wasambazaji wamesema ni "siri ya biashara". Kitambaa, wanasema kinanunuliwa na kiwanda chenyewe kwa hiyo hawajui kilitiwa rangi wapi. Majina hayo mawili nayafanyia nini?

#44 Mnunuzi_wa_Oda
Yatafute kwenye Open Supply Hub, hifadhidata ya wazi ya viwanda, ni bure. Angalia kama anuani inalingana, kisha uone ni chapa gani nyingine zimekitaja kiwanda hicho. Kisha tafuta majina hayo kwenye ripoti za Accord kama nchi inahusika, na kwenye habari za migomo kwa lugha ya huko, maana habari za Kiingereza huchelewa. Na angalia ukubwa: kiwanda chenye watu mia mbili hakishoni oda ya vipande laki kadhaa kwa mwezi peke yake. Kikionekana hivyo, kuna cha tatu ambacho hawajakutajia.

#45 Mpaka_Rangi
Na hilo la kutojua kitambaa kilikotiwa rangi usilipokee. Aliyeidhinisha sampuli ya rangi ni chapa. Sampuli ile huja na jina la mtia rangi au namba ya bechi yake. Waulize karatasi ya sampuli.

#46 Bi_Kitani
Na kama wana cheti cha GOTS kwa nguo hiyo, waombe cheti cha muamala, kile kinachofuata mzigo kutoka hatua moja hadi nyingine. Mpaka Rangi, humo mtia rangi wako yumo.

#47 Mpaka_Rangi
Yumo yule aliyeandikwa. Mimi nimeona kitambaa kikitiwa rangi kwingine na karatasi zikibaki vile vile. Aombe vyote viwili.